Kupunguzwa kazi ukiwa na miaka 52: je, ajira ya kudumu bado ipo?

SWALI: Nina miaka 52, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nilifanya kazi miaka 23 katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa. Nilianza nikiwa karani wa stoo na nikamaliza nikiwa msimamizi wa ghala kwa mshahara wa shilingi 800,000. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Miezi minane iliyopita kampuni ilipunguza wafanyakazi, nami nikawamo. Tangu hapo nimetuma maombi mengi bila kuitwa. Nilichopata ni mikataba miwili ya miezi mitatu mitatu kwenye ghala moja, nayo imekwisha, na kila nikiuliza naambiwa nisubiri simu. Matangazo mengi yanataka mtu asiyezidi miaka 35. Kiinua mgongo nililipwa cha miaka 10 tu. Je, umri ndio kosa langu? Nifanye nini nipate kazi ya kudumu? Na je, nipunguze umri kwenye CV?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa yaliyokupata, na ahsante kwa kueleza cheo, mshahara na miaka ya kazi, kwa sababu mambo hayo ndiyo yanayoniwezesha kukujibu wewe badala ya kutoa ushauri wa jumla usiomfaa mtu yeyote. Ndiyo, umri wako ni sehemu kubwa ya sababu ya kutoitwa, na sitakuficha hilo. Hata hivyo, naona unatafuta kitu kilekile ulichokipata ulipokuwa na miaka 29, yaani barua yenye maneno "ajira ya kudumu", ilhali kwa mtu wa miaka 52 utulivu unapaswa kupimwa kwa jambo jingine: je, kazi unayoifanya inapeleka michango yako NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kila mwezi, na je, inakufikisha salama kwenye umri wa pensheni? Ukilishika swali hilo, utaona kwamba hali yako si mbaya kama unavyoiona sasa, na kwamba baadhi ya kazi ulizozidharau zinafaa kuliko ulivyodhani, na baadhi ulizozikimbilia hazifai.

Nianze na mahali uliposimama, kwa sababu watu wengi wa rika lako hujilaumu kwa jambo ambalo limejengwa katika mfumo wenyewe. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na utakuta sharti kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale ambao tayari ni watumishi wa umma. Hesabu iliyo nyuma ya sharti hilo ni rahisi kuiona: umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni inahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, hivyo anayeingia akiwa na zaidi ya miaka 45 hawezi kuikamilisha pensheni akiwa kazini humo. Kwa anayeanza upya hesabu hiyo ina mantiki. Kwa mtu kama wewe, aliyekwisha kuchangia miaka 23 kwingineko, haina mantiki hata kidogo, na ni maoni yangu ya siku nyingi kwamba sharti hilo lingepaswa kuangalia michango ya mtu na si umri wake peke yake.

Ukigeukia mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, utakuta imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mke wako anaweza kuingia katika kundi la wanawake. Wewe huna kundi. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, na wazee wamo, lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Kwa hiyo kwa serikali wewe si kijana na wala hujawa mzee. Kuna pengo la takriban miaka 15, kuanzia miaka 45 hadi 60, ambamo mtu ana nguvu, ana ujuzi, ana watoto shuleni, na hakuna mpango wa umma uliotungwa kwa ajili yake. Nimeona baba na mama wengi wakiingia katika pengo hilo wakidhani wameanguka kwa uzembe wao, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu aliyejilaumu huacha kudai hata kile ambacho ni haki yake.

Kwa upande wa waajiri binafsi sababu ni nyingine. Nimekaa katika paneli nyingi za usaili, na hofu zinazosemwa mara baada ya mwombaji wa miaka 50 kutoka chumbani hazibadiliki sana. Wanasema atataka mshahara mkubwa. Wanasema atasumbuliwa na mifumo ya kompyuta. Wanasema ataumwa. Hofu hizi tatu zinajibika kwa ushahidi. Lakini iko ya nne ambayo haisemwi wazi, na kwa uzoefu wangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Meneja wa ghala siku hizi mara nyingi ni kijana wa miaka 28 au 30 aliyetoka chuo kikuu. Akikuajiri wewe, kila asubuhi atakuamkia shikamoo, nawe utaitikia marahaba, kisha baada ya dakika kumi atatakiwa kukuuliza kwa nini katoni 14 za sabuni hazionekani kwenye hesabu. Malezi yetu yamemfundisha kwamba mtu mzima hakaripiwi hadharani, na pengine wewe una umri wa baba yake mzazi. Kijana huyo hajui atakuonya vipi, hajui atakuandikia vipi barua ya kujieleza, na anaogopa kwamba vijana wengine ghalani watakusikiliza wewe kuliko yeye. Ni rahisi kwake kumchukua mtu wa miaka 26 asiyejua kazi kuliko kumchukua anayeijua kazi ambaye hawezi kumwamuru. Hakuna chuki hapo, bali kuna heshima ambayo mahali pa kazi imegeuka kuwa kikwazo.

Ndiyo maana katika usaili utaulizwa, kwa namna moja au nyingine, kama unaweza kufanya kazi chini ya mtu mdogo kwako. Waombaji wengi wa umri wako hujibu, "Hakuna tatizo, hawa ni wanangu." Jibu hilo lina upendo, lakini ndilo linalowakosesha kazi, kwa maana meneja anayesikia kwamba ataitwa mwanangu anajua mamlaka yake yamekwisha kabla hayajaanza. Jibu kwa mfano wa kazi. Eleza, kwa mfano, siku ambayo mkaguzi au ofisa mdogo kwako kwa umri alikurudisha uhesabu upya shehena nzima, nawe ukahesabu, na ilionekana tofauti ilikuwa wapi. Mwite anayekusaili kwa cheo chake. Ukipata kazi, mpelekee taarifa yako kwa maandishi kabla hajaiomba, kwa sababu taarifa ya maandishi inampa nafasi ya kuuliza na kusahihisha bila yeyote kati yenu kuona haya.

Sasa niingie katika sheria, ambako una haki zaidi kuliko unavyodhani na pia mipaka ambayo huenda hukuambiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, na umri umetajwa waziwazi miongoni mwake. Kifungu hicho hakimlindi aliyeajiriwa tu, kwani kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa ni mwajiriwa kwa madhumuni yake, na kinagusa matangazo ya kazi na vigezo vya uteuzi. Kwa hiyo tangazo linalosema "umri usiozidi miaka 35" kwa kazi ya msimamizi wa ghala ni jambo ambalo mwajiri anapaswa kulitetea kwa kuonyesha kwamba umri huo ni hitaji la asili la kazi yenyewe, na sioni angelitetea vipi. Mgogoro wa namna hiyo unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60. Je, nakushauri ufungue shauri kwa kila tangazo? Hapana. Kuthibitisha kwamba ulikataliwa kwa sababu ya umri, wakati waombaji wako mamia na hakuna aliyekujibu, ni kazi nzito, na muda wako una thamani. Lakini litunze tangazo lenyewe, na ulipeleke kwa Afisa Kazi wa eneo lako, ambaye ana mamlaka ya kukagua na kumwamuru mwajiri afuate sheria. Waajiri wengi wananakili sharti hilo kutoka tangazo la mwenzao bila hata kulifikiria, na barua moja kutoka ofisi ya kazi inatosha kuwafanya walifute.

Kuhusu kiinua mgongo cha miaka 10, sheria haikuvunjwa kwa kukulipa miaka hiyo pekee. Kifungu cha 42 kinaweka malipo ya chini kabisa: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na mwisho wake ni miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 10 na aliyefanya miaka 23 wanapata siku zilezile 70. Naiona kanuni hiyo kuwa inamwonea mtumishi wa muda mrefu, lakini ndiyo sheria ilivyo. Unachopaswa kuangalia ni kama kulikuwa na mkataba wa hali bora kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi uliotoa zaidi ya hapo. Kama ulikuwepo, huo ndio unaofuatwa. Hakikisha pia ulipewa notisi au malipo badala yake, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, na likizo ambayo hukuitumia, na cheti cha utumishi. Cheti hicho watu hawakijali, na ndicho kinachothibitisha kwamba uliondoka kwa kupunguzwa na si kwa wizi. Katika kazi ya stoo hakuna karatasi yenye thamani kuliko hiyo.

Kama ulikuwa na shaka kwamba mlioondolewa mlichaguliwa kwa sababu ya umri, au kwamba kampuni haikuwapa taarifa na kushauriana nanyi kama kifungu cha 38 kinavyotaka, muda wa kulalamika CMA ulikuwa siku 30. Umepita. Unaweza kuomba usamehewe kuchelewa kwa kujaza fomu Na. 2 ya Tume pamoja na fomu Na. 1 ya malalamiko, lakini uwe na sababu nzito ya kuchelewa, kwani kutojua sheria peke yake hakuzingatiwi sana.

Mikataba yako miwili ya miezi mitatu inahitaji jicho la karibu. Sheria ya 2004 ilipotungwa, mkataba wa muda maalumu uliachiwa wataalamu na kada ya uongozi, na marekebisho ya mwaka 2025 yamepanua wigo huo, hivyo tarajia kukutana nayo mara nyingi zaidi. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumfikii mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, lakini miezi hiyo huhesabiwa kwa pamoja hata ikiwa ilifanyika kwa mikataba zaidi ya mmoja. La pili ni kwamba kutoongezewa mkataba kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, iwapo ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa. Ujumbe wa simu unaosema "subiri, mkataba wako unaandaliwa", ratiba ya zamu ya mwezi ujao yenye jina lako, barua pepe inayokutaka urudi kwenye kuhesabu mali: vyote hivyo ni ushahidi, navyo hufutika kwa urahisi. Vitunze. Na kama mkataba wako wa pili umekwisha hivi karibuni, zihesabu leo jioni zile siku 30 tangu siku ulipokwisha, usingoje simu.

Sasa NSSF, ambako ndiko ninakotaka uelekeze nguvu kuliko mahali pengine popote. Nenda ofisini kwao na kitambulisho chako uombe taarifa ya michango yako yote, mwezi kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha michango, ambayo kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla ya sehemu yake na yako, ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi unaohusika kwisha. Wengi hukata na hawapeleki. Utakapoipata taarifa hiyo, kaa nayo mezani pamoja na hati zako za mshahara na uzungushie wino mwekundu kila mwezi ambao ulikatwa na haumo. Ifanyie vivyo hivyo ile miezi sita ya mikataba mifupi. Miezi inayokosekana inadaiwa na Mfuko kwa mwajiri, lakini Mfuko hauwezi kudai usichokionyesha.

Kama michango yako yote imefika, miaka 23 ni miezi 276, na hiyo imekwisha kuvuka miezi 180 inayohitajika. Maana yake ni kwamba ukifika miaka 55 unaweza kustaafu kwa hiari na kuanza kulipwa pensheni. Hilo ni jambo kubwa, ndugu yangu, na katika barua yako nzima hukuligusa. Wakati huo huo, kwa kuwa ajira yako ilikoma bila hiari yako, uliza kuhusu fao la kukosa ajira, ambalo kwa mwanachama mwenye taaluma aliyechangia miezi 18 au zaidi ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Ndiyo sababu ninawasihi watu wasikubali kusaini barua ya kuacha kazi kwa hiari wanapokuwa wanapunguzwa, hata wakiahidiwa nyongeza kidogo, kwa sababu anayeonekana ameacha mwenyewe hana fao hilo.

Wengi wa rika lako wananiuliza kama kukubali kazi yenye mshahara mdogo kutaharibu pensheni yao. Hebu tupige hesabu kwa takwimu zako. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kinachotumika tangu Julai 2022 kinachukua idadi ya miezi ya michango, kinaigawanya kwa 580, kisha kinazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa ile miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Tuchukulie ulikuwa unapata 800,000 kwa miaka mitatu ya mwisho, yaani 9,600,000 kwa mwaka. Ukiacha kuchangia kabisa na kustaafu ukiwa na miaka 55, miezi 276 inakupa pensheni ya takriban shilingi 4,568,000 kwa mwaka kabla ya kutoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Sasa tuseme umekubali kazi ya 600,000 inayochangia vizuri, ukaongeza miezi 66, ukastaafu ukiwa na miaka 58. Miaka kumi ya mwisho inaanzia ulipokuwa na miaka 48, kwa hiyo ile miaka yako mitatu bora ya 800,000 bado imo, na wastani haushuki hata senti. Miezi imekuwa 342, na pensheni inafika takriban 5,660,000 kwa mwaka. Mshahara mdogo haukukupunguzia kitu, umekuongezea zaidi ya milioni moja kila mwaka wa maisha yako ya ustaafu. Ukisubiri hadi miaka 60, baadhi ya miezi ile bora itakuwa imetoka nje ya miaka kumi inayohesabiwa, na huenda nyongeza ya miezi ikamezwa na kushuka kwa wastani. Kwa hiyo ukikaribia umri huo uwaombe NSSF wakupigie hesabu zote mbili kabla hujaamua.

Hii ndiyo sababu nilikuambia upime kazi kwa michango. Kazi ya 600,000 yenye hati ya mshahara na mchango unaofika ni bora kwako kuliko kibarua cha 750,000 unacholipwa mkononi kila Jumamosi, hata kama kwa mwezi huu cha pili kinaonekana kunenepesha mfuko.

Je, kazi hizo ziko wapi? Haziko sana kwenye kampuni kubwa zenye idara ya rasilimali watu na matangazo ya miaka 35. Tafuta kwa watu wanaopoteza mali na hawajui inapotelea wapi: wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo waliofungua ghala la tatu huku daftari likiwa bado moja, shule binafsi za bweni zinazonunua mchele na maharage kwa tani, hospitali za taasisi za dini, viwanda vidogo vya Pwani, kampuni za uwakala wa forodha zinazofuata mizigo kwenye bandari kavu kama ile ya Kwala. Wenye biashara hawa wengi wao ni watu wazima kama wewe, hawaoni taabu kumwamuru mtu wa rika lao, na wanachokitafuta zaidi ya yote ni uaminifu wenye wadhamini. Kwao umri wako unaongeza thamani.

Hawatangazi, kwa hiyo hutawapata kwa kutuma maombi. Kaa chini uandike majina ya watu waliokuona ukifanya kazi katika miaka 23: madereva wa malori waliokuletea mizigo, mawakala wa wauzaji, wakaguzi wa nje, wenzako walioondoka kabla yako. Wapigie, lakini usiwaambie "nitafutie chochote", kwa sababu aliyeambiwa atafute chochote hajui aanzie wapi. Waambie jambo moja: kwamba unaweza kuingia kwenye ghala lolote, ukalihesabu, ukaoanisha vitabu na mali iliyopo, na ukaweka utaratibu wa kupokea na kutoa bidhaa. Yuko mfanyabiashara atakayekuita kwa kazi hiyo ya wiki mbili tu. Ikubali kwa malipo ya makubaliano yaliyoandikwa. Mtu akishaona umempata mwizi wa mafuta ya kula kwa kalamu bila ugomvi, hakuachii uende.

Kwenye kompyuta sitakuficha: kuandika "najua Microsoft Office" hakutoshi tena. Jifunze kuendesha hesabu ya stoo kwenye Excel hadi mtu aweze kukupa data mbele ya paneli nawe ukazipanga, na kwa kuwa una stashahada ya ununuzi, ujue pia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza mwaka 2023, kwa sababu wazabuni wadogo wengi wanashindwa kuomba zabuni kwa kutoujua na wako tayari kumlipa anayeujua. Angalia kama usajili wako katika Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi uko hai. Kwa wasomaji wengine wenye ujuzi wa mikono ambao hawana cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inaendesha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani kwa miaka.

Kuhusu biashara nitasema machache, kwa kuwa hukuuliza ingawa najua nyumbani unaulizwa. Usiingize kiinua mgongo chote katika bajaji, kuku au duka kwa sababu tu kila aliyepunguzwa amefanya hivyo. Ukitaka kuanza, anza na sehemu ndogo katika jambo linalofanana na kazi yako, na ujiandikishe kuchangia NSSF kwa hiari ukiwa umejiajiri, ili miezi isikatike.

Kuhusu swali lako la mwisho, usipunguze umri. Tarehe yako ya kuzaliwa iko NIDA, kwenye mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na iko NSSF, na siku itakapopishana na ile uliyoiandika, mwajiri atakuwa na sababu halali ya kukuondoa na Mfuko utakuwa na sababu ya kuchelewesha mafao yako. Lakini kutodanganya hakukulazimishi kuanza na umri. CV ina kazi ya kueleza unachoweza. Tarehe ya kuzaliwa itatakiwa utakapojaza fomu za ajira. Ondoa shule ya msingi na mwaka wa kumaliza darasa la saba. Ondoa hali ya ndoa na idadi ya watoto. Ifupishe iwe kurasa mbili, na miaka yako 23 usiieleze kwa vyeo vyote tangu ukarani; eleza kwa undani miaka kumi ya mwisho, na iliyobaki iwe mstari mmoja. Mahali pa kuandika "nilisimamia ghala", andika ghala lilikuwa na aina ngapi za bidhaa, malori mangapi yalishusha kwa wiki, wafanyakazi wangapi walikuwa chini yako, na tofauti ya hesabu ya mwisho wa mwaka ilikuwa kiasi gani ulipolipokea na kiasi gani ulipoliacha. Kama takwimu hizo huzikumbuki, mpigie leo mwenzako aliyebaki pale, kwa sababu yeye anaweza kukukumbusha, na kila mwezi unaopita nazo zitazidi kumpotea.